Mipira Tuliyoipiga Ukunguni

Kamwene, Mwalimu Ezekia,

Ni mimi Atupele, msaidizi wako. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula, ugali na maharage, nimeshiba. Sasa nisikilize, maana sijui nimwambie nani mwingine.

Semina ya walimu wa gofu safari hii imefanyika hapa hapa Mufindi, kwenye uwanja wetu wa katikati ya chai. Ulivyoipigania! Miaka yote tunapanda basi kwenda kwa wenzetu, leo wanakuja kwetu, wewe haupo. Niliumia, Mwalimu. Tangu tukuzike kwenu Tosamaganga sikuwa nimeshika fimbo. Watoto wa wachuma chai walikuwa wanakuja Jumamosi, wananikuta nimekaa tu, wanarudi zao. Nilishaamua: semina ikiisha, nawaaga walimu wote, narudi Mbeya kwa mama kulima viazi.

Basi wakaja, wa Dar, wa Arusha, wa Morogoro. Yule Mzee Shabani wa Morogoro, uliyekuwa unamtania kuhusu kitambi chake, kaja na makoti mawili na bado anatetemeka. Asubuhi ya kwanza ukungu ukashuka. Si unaujua ule wetu? Ukinyoosha mkono huvioni vidole. Wengine wakasema tukae ndani tunywe chai kwanza. Mzee Shabani akanigeukia: "Atu, nyie huwa mnafanyaje?"

Nikamwambia tunapiga hivyo hivyo. Nikawaeleza ulivyonifundisha nisihangaike kutafuta mpira umekwenda wapi, nisikilize. Ukiupiga katikati ya fimbo unatoa mlio mmoja mkavu. Ukiukosea unalia kama sufuria iliyodondoka. Nikawaambia hata ulivyokuwa unanisema: "Legeza, wewe Mnyakyusa, ndizi zimekujaa mabegani!" Wakacheka mpaka basi. Halafu wakatoka nje wote.

Wakajipanga mstari. Akapiga mmoja, tukanyamaza kusikiliza. Akapiga wa pili. Wa Arusha akamlegeza jirani yake kiwiko, jirani naye akamrekebisha mwingine miguu, na hakuna aliyejifanya bingwa pale, wakati wengine wana majina makubwa nchi nzima. Mwalimu, sijawahi kuona kitu kama kile. Mpira unatoka, hauuoni, umebaki mlio tu, na watu wazima wamesimama kimya kama wako kanisani, wanausubiri. Mwili ulinisisimka. Nilijiuliza hivi kazi yetu ni kubwa kiasi hiki, na mimi nilitaka kuiacha?

Zamu yangu ikafika. Nikalegeza mabega, kama ulivyokuwa unanisema. Nikapiga.

Jamani, ule mlio! Mkavu, safi. Kabla sijashusha fimbo, mstari mzima ukaita kwa pamoja, "Huyo kafika!"

Neno lako, Mwalimu, lile ulilokuwa unaniitia kila nikiupata mpira sawasawa. Nilidhani ulikuwa unaniambia mimi peke yangu. Kumbe Mzee Shabani ulimwambia, wa Arusha ulimwambia, kila uliyekutana naye kwenye semina za nyuma ulimwambia, na wao wanawaambia wanafunzi wao huko makwao. Hebu fikiria, watoto wa Dar ambao hawajawahi kuuona mti wa chai wanaitiwa neno lako! Nikalia mbele za watu, wala sikuona haya. Mzee Shabani naye alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti, anasingizia mafua.

Siku ya kuagana nilisimama na maneno yangu ya kuwaaga nimeshayapanga. Kabla sijaanza, binti mmoja mgeni, ndiyo kwanza anajifunza ualimu, akauliza mwalimu wa uwanja huu ni nani. Wote wakanitazama. Hakuna aliyenijibia.

Nikasema, "Ni mimi."

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Mama nimeshampigia simu, viazi atalima na kaka. Nakuahidi nitawafundisha hawa watoto mpaka apatikane wa kunishinda, na siku hiyo nitampisha kwa furaha.

Mimi,
Mwalimu Atupele