Maji ya Mbulu Hayafiki Mia

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Baba, najua amekaa hapo anasubiri umsomee kwa sauti. Mnaendeleaje huko Balangdalalu? Mguu wa Bibi umepata nafuu? Na yule ndama aliyekuwa anakataa kunyonya? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya Mbulu tu, asubuhi mdomo unatoa moshi kama wa mvuta sigara. Lakini ndani nina kinyaa, Mama, na sina wa kumwambia. Unanijua, kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Wiki iliyopita tulitangaziwa kwamba wakubwa wa huu mkoa mpya wanakuja kukagua maabara. (Huku ukijisahau ukasema mkoa wa Arusha, unachekwa.) Shule ni ya binafsi na bado changa, na maabara ikikataliwa hakuna mtihani wa sayansi. Basi ikawa kupaka chokaa na kukariri. Tuliimbishwa sayari tisa kwa Kiingereza, kuanzia iliyo karibu na jua. Hakuna siku hata moja tuliyotolewa nje jioni tuonyeshwe Zuhura, na iko pale pale juu ya bweni, inang'aa. Niliimba tu.

Kisha mwalimu wa Fizikia, yule wa kutoka Tabora, akatupa kazi wawili wawili. Mimi niliwekwa na Emiliana wa Endagikot, anayelala kitanda cha juu yangu. Tuchemshe maji, tutumbukize kipimajoto, kila mtu aandike kwenye karatasi yake yanachemka nyuzi ngapi. Karatasi zitabandikwa ukutani wageni wazione, na atakayekosea atahamia mkondo wa Sanaa.

Maji yalitokota mpaka yanaruka. Kipimajoto kikapanda hadi tisini na tatu, kikagoma. Tukaongeza moto, wapi. Meza zote ilikuwa hivyo hivyo, lakini wenzetu walishaandika mia bila hata kuinama kutazama.

"Andikeni mia nyie, msitucheleweshe," akasema msichana wa meza ya pili. "Au mnataka kuonekana wasomi?"

"Mia unaiona wapi hapo?" Emiliana akamuuliza.

"Kitabuni!" Wakacheka.

Mimi nikakumbuka Sayansi ya shule ya msingi, tuliyosoma kwa Kiswahili. Hewa ina uzito, inayakandamiza maji yasigeuke mvuke haraka. Mia ni ya kule usawa wa bahari. Sisi tuko juu, hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika mia, na yakishachemka hata uweke kuni za kijiji kizima hayapandi tena, yanaisha tu kwa mvuke. Ndiyo maana makande ya hapa yanatokota tangu alfajiri na maharage bado yanagonga meno. Nikamnong'oneza Emiliana. Tukaandika tisini na tatu.

Mwalimu alipoona, akatuita kwenye chumba cha vifaa, akafunga mlango.

"Hii nini?"

"Ndivyo kilivyosoma, mwalimu," Emiliana akajibu.

"Najua." Alisema kwa sauti ya chini. "Mnadhani sijui? Tuko juu, hewa nyepesi. Lakini mgeni anapita mara moja tu. Akiona tisini na tatu atasema vifaa vibovu. Futeni, andikeni mia."

"Sasa si umweleze tu?" Emiliana akauliza.

"Wewe binti, unanifundisha kazi? Anayetaka Fizikia afute. Asiyetaka, Sanaa kuna nafasi."

Mama, angekuwa hajui ningemsamehe. Kinachonichefua ni ile "najua" yake.

Emiliana aliweka penseli mezani, akatoka. Mimi nilifuta. Niliwaza jinsi ulivyowatangazia akina mama wa kanisani kwamba nitakuwa daktari, nikafuta mpaka karatasi ikaota manyoya.

Wageni wakaja. Mmoja akasimama mbele ya karatasi yangu. "Safi sana. Ya nani hii?" Wenzangu wakanisukuma mbele. Akanipa mkono, akauliza, "Haya binti, maji yanachemka nyuzi ngapi?"

"Mia," nikasema. Kila mtu alisikia. Sijawahi kusema kwa sauti namna ile tangu nifike shule hii, na siku niliyoweza, nikasema uongo. Mwalimu alikuwa anatabasamu. Nilikwenda kunawa ule mkono, kisha nikaona ujinga, mkono wa mgeni una kosa gani? Uchafu ni wangu.

Maabara imepita. Emiliana yuko Sanaa. Jana nilimwambia pole, akanijibu, "Pole ya nini? Si umepata ulichotaka?" Akageukia ukutani.

Ripoti ikifika mtaona Fizikia nimeongoza darasa. Nakuomba Mama, usiipeleke kanisani, na Baba asiwaonyeshe watu wa kilabuni. Iwekeni tu.

Msalimie Bibi, umwambie nalivaa lile sweta lake. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa zahanati. Mdogo wangu aache kumpiga punda.

Emiliana kila nikiandika huwa anawatumia salamu. Safari hii sikumwambia kama naandika.

Ni mimi mwanao,
Veronika