Breki Zinazotaka Moto

Laurel, Maryland
10 Machi 2025

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, ila mgongo kidogo. Wewe je? Yale matone ya masikio yamesaidia, au tutaendelea kuandikiana barua kama watu wa zamani, japo kwa baruapepe? Mimi sijali. Kwenye simu ulikuwa unaniitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza ni saa ngapi huko.

Ile Subaru ya milango miwili niliyokutumia picha, jana niliipeleka West Virginia, kwenye uwanja ambako mtu analipa na kukimbiza gari bila polisi. Si mashindano. Kila mtu anajipima mwenyewe, na mwalimu anakaa kando yako. Wangu anaitwa Chike, Mnigeria wa Fairfax, mtu mpole mwenye sauti ya mhubiri. Mwisho wa ile njia iliyonyooka nilikanyaga breki na kanyagio likazama hadi chini. Chike hakupaza sauti. Alisema tu, "Pampu. Pampu tena." Nikakanyaga na kuachilia haraka haraka, tukasimama kwenye nyasi, nje ya lami. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka na pedi zimeungua hadi kunuka.

Sasa nina njia mbili. Ya kwanza, niweke diski kubwa na kalipa zake, vile vibanio vinavyoishika. Hizo haziingii ndani ya rimu zangu za inchi kumi na saba, kwa hiyo nitafute za kumi na nane pamoja na tairi zake. Diski kubwa inavumilia joto, hata pedi za kawaida zinatosha. Njia ya pili, nibaki na rimu zangu, ambazo ni nyepesi na gari linakata kona vizuri, halafu nibadilishe mafuta na kuweka pedi za mbio. Nimeliwaza jambo hili kazini, juu ya ngazi, nikisafisha mitambo ya hewa baridi. Ungekuwa wewe ungechagua ipi?

Mwanao,
Mutai


Nandi Hills
18 Machi 2025

Mwanangu Mutai,

Nimefurahi kusikia u mzima, na huo mgongo uukande na maji moto. Sisi tunaendelea. Mvua imeanza na chai inachumwa. Masikio ni yale yale, daktari amesema nizoee.

Nimesoma barua yako mara mbili. Kwa nini usiende polepole? Baba yako aliendesha pikapu yenye breki za kuombea, na alifia kitandani. Hapa Subaru ni za vijana wa kelele. Mchungaji alipoiona picha nilimwambia ni gari la kazi. Umenifanya nidanganye mtumishi wa Mungu.

Lakini umeniuliza kama mtu anayetaka jibu. Chukua zile kubwa. Kitu cha kusimamisha mtu hakichaguliwi kwa wepesi.

Mama yako,
Bilha


Laurel
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo, na pole na baridi ya mvua. Mgongo umepona, nilifanya ulivyosema.

Kwa breki sikufanya ulivyosema. Nimebaki na rimu za kumi na saba. Nimeweka mafuta mapya yasiyochemka haraka, na pedi za mbio. Wiki iliyopita uwanjani hazikuniangusha hata mara moja. Chike alisema sasa naendesha, mwanzoni nilikuwa nasafirishwa.

Zina tabia moja. Pedi hizi zinataka moto. Zikiwa baridi unakanyaga na gari linaendelea mbele kama halijakusikia. Kwa hiyo kabla ya kuingia uwanjani natafuta barabara tupu, nakanyaga na kuachilia, nakanyaga na kuachilia, mpaka zishike. Zile za zamani ziliungua, nimezitupa. Kazini naenda na gari la kampuni, hivyo Subaru haitoki ila siku ya uwanja.

Mwanao,
Mutai


Nandi Hills
24 Aprili 2025

Mwanangu,

Natumaini Pasaka ilikukuta salama. Sisi tulikula kuku wawili, mmoja alikuwa mzee kuliko mimi.

Nina neno. Dada yako Jelagat anaolewa huko huko Laurel tarehe kumi na saba Mei. Mama yake, dada yangu Euphrasia, ameniandikia kwamba wanatafuta gari zuri la kumpeleka bibi arusi kanisani. Nimemwambia lipo, la mwanangu, jekundu, linang'aa. Alifurahi sana. Unajua tangu tulipokosana juu ya shamba la baba yetu, hii ni mara ya kwanza dada yangu kuniomba kitu.

Lioshe vizuri.

Mama yako,
Bilha


Laurel
27 Aprili 2025

Mama,

Habari za tangu juzi? Nimefurahi kwa ajili yako na mama mdogo. Lakini gari hili si la arusi. Pedi nilizo nazo ni zile tu za mbio, na kutoka kwa mama mdogo hadi kanisani ni mwendo mfupi wenye taa nyingi. Hazitapata moto. Waambie nitawatafutia jingine, hata kwa kukodi. Ikishindikana kabisa, nitaliendesha mimi mwenyewe, na nitatoka mapema kuzipasha.

Mwanao,
Mutai


Nandi Hills
4 Mei 2025

Mutai,

Salamu. Sisi wazima.

Gari linalokimbia kuliko mengine, leo haliwezi kwenda kanisani. Nimesoma, nimeelewa, lakini Euphrasia hataelewa. Ataona unamnyima, atasema una roho ya mama yako, ile ya shamba. Neno limeshatoka kinywani mwangu, na sitalirudisha.

Na jingine. Amesema anayemwendesha bibi arusi awe Ethan, ndugu yake wa tumbo moja. Mpe Ethan funguo kwa moyo mweupe. Tafadhali, usisimame mbele ya wamama siku ile kuanza hadithi za breki. Watasema unaringia gari. Nakuomba kama mzazi wako.

Mama yako,
Bilha


Laurel
11 Mei 2025

Mama,

Nimesikia. Nitafanya unavyotaka.

Mutai


Nandi Hills
19 Mei 2025

Mwanangu,

U mzima? Niandikie kwanza hilo, mengine baadaye.

Euphrasia ameandika maneno machache. Gari liligonga lori kabla hata hawajafika kanisani, Jelagat yuko hospitali, goti lake limevunjika, na Ethan ana mshono kwenye paji la uso. Anasema ulimkabidhi mtoto wake gari lisilo na breki. Ameandika hivyo, mara mbili katika ujumbe mmoja.

Nijibu.

Mama


Nandi Hills
22 Juni 2025

Mutai,

Sijui kama unazisoma hizi. Domina wa kanisani kwenu ndiye anayenipa habari zako. Anasema unaenda kazini na kurudi, na huimbi tena kwaya.

Ameniambia pia kuhusu kile kikao nyumbani kwa Euphrasia. Kwamba wajomba walikuuliza mbele ya watu wote kwa nini ulitoa gari la namna ile, ukasimama, ukasema "Nilikosea," ukaketi. Walikuuliza kama kuna mtu uliyemwambia mapema, ukasema hakuna.

Mwanangu, kwa nini ulisema hakuna?

Najua kwa nini. Nimekaa na jambo hili mpaka chakula hakina ladha. Kila asubuhi nasema leo nitamwandikia dada yangu, kisha naosha vyombo.

Unakula?

Mama yako


Nandi Hills
31 Agosti 2025

Mwanangu Mutai,

Nakusalimu hata kama hunijibu. Afya yangu si mbaya.

Euphrasia amekuja nyumbani kuona shamba. Alinitembelea Alhamisi. Nilimpikia, tukakaa jikoni, akaanza kukusema. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia ulinieleza kila kitu kuhusu zile breki, kwamba ulikataa, kwamba ulitaka kukodi gari jingine, na kwamba mimi ndiye niliyekufunga mdomo kwa sababu nilitaka dada yangu anipende tena.

Nilitaka kusema polepole, lakini mimi sijui tena kupima sauti yangu. Nafikiri hata wachuma chai kule chini walisikia.

Alikiosha kikombe chake, akaenda kulala kwa jirani, mama Kamande. Kesho yake alirudi, akainama karibu na sikio langu lile zuri, akasema, "Ungeniambia Mei." Basi. Hatujazungumza tena. Labda hatutazungumza.

Sikuandikii ili unishukuru. Nimechelewa, na wewe ulibeba peke yako.

Mama yako,
Bilha


Laurel
30 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako zote nilizisoma. Nakula. Nimepungua kidogo.

Umejitwisha zaidi ya sehemu yako. Uliniambia nichukue zile kubwa, sikukusikia. Na asubuhi ile Ethan aliponyoosha mkono nilikuwa nimezishika funguo mimi, si wewe. Breki zilikuwa zimepoa kwa kusubiri, nikamnong'oneza azipashe moto kwanza. Alicheka, akanijibu kwa Kiingereza kwamba anajua kuendesha. Wamama walikuwa wanapiga vigelegele. Nikaachia. Kutoka pale ni mteremko hadi taa ya kwanza, na mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma. Niliziona taa za breki zikiwaka. Alikanyaga kwa wakati, Mama. Lilikwenda tu.

Subaru waliivuta ikauzwa chuma chakavu. Zile rimu nne nilizichukua, ziko barazani, sijui nizifanye nini. Sasa nina Corolla kuukuu.

Mama mdogo aliporudi kutoka kwenu hakuniita. Lakini Jelagat alipiga simu. Alisema, "Mama amesema uwe unanipeleka mazoezi ya goti, Columbia Heights, kila Jumanne. Mimi sijasema lolote. Ni yeye." Nikasema sawa. Arusi bado hawajapanga tena, wanangoja aweze kutembea hadi madhabahuni bila magongo.

Leo ni mara ya nne. Anakaa mbele, mkanda ameukaza. Safari ya kwanza, kabla hatujatoka kwenye maegesho, aliniuliza, "Hizi zinashika zikiwa baridi?" Nikamwambia ni za kawaida, zinashika. Akasema, "Nionyeshe." Nikaenda mbele kidogo, nikasimama. Akasema, "Tena." Nikafanya tena, watu wakituangalia kutoka madirishani. Tangu hapo tunafanya hivyo kila Jumanne kabla ya kuingia barabarani, na haniruhusu niache hata mvua ikinyesha.

Leo hakusema "Tena." Alisema, "Twende." Tukaenda. Ile taa ya kwanza iligeuka nyekundu, na kabla sijakanyaga niliuona mguu wake, ule mbovu, ambao daktari anambembeleza aukunje, umekanyaga sakafu kwa nguvu zote. Nikakanyaga na mimi. Gari likasimama. Aliuacha mguu pale pale mpaka taa ikawa kijani.

Nitakuandikia Jumanne ijayo.

Mwanao,
Mutai