Fomu ya Jina la Bibi

Jumatatu, 3 Juni

Mtoto gani huyu hana haya! Napepeta mchele, mgongo unaniuma, yeye ananiuliza bibi yangu alitekwa wapi. Alitekwa! Nimemwambia Skola akaulize hayo Ulyankulu kwa mama yake, huku Cheyo hatukutekwa. Akacheka. "Punguza ukali, mke mwenza, mume wetu atakimbia." Babu yake yuko kaburini, akimbilie wapi?

Skola ni binti wa mwanangu Deo na yule mwanamke wa Ulyankulu, kambi ya Warundi. Kapata wafadhili wa nje. Wanamlipia asome vitabu vya zamani vya misheni, atafute wanawake waliopita njia ya misafara. Waliobeba mizigo, waliowapikia wengine, ambao hakuna aliyewaandika. Kazi ya mtu mwenye digrii hiyo! Nimemwambia bibi yangu Kalunde, aliyenilea, ni damu ya watemi. Aandike hivyo, aende zake.

Jumatano, 5 Juni

Kaja na picha ya kitabu cha ubatizo kwenye simu. Maandishi ya kizungu, akanisomea. Butoyi. Mtoto wa kike. Kutoka Urundi. Kaletwa na msafara, kakombolewa na mapadri.

Nikamwambia si yeye. Akanionyesha pembeni, jina la mume. Hilo nimelisoma mwenyewe, darasa la nne langu linatosha. Petro Msimbila, mwashi wa misheni. Babu yangu. Mke mwingine hakuwa naye.

Wafadhili wana sharti. Jina haliingii kwenye kitabu wanachokitoa bila sahihi ya mkubwa wa ukoo. Mkubwa ni mimi. Fomu irudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo kazi inafungwa. Nisipotia sahihi, bibi anaachwa nje kama walivyoachwa wengine.

Nimeiweka chini ya godoro. Sijala.

Alhamisi, 6 Juni

Harusi ya Deo sikwenda. Nilisema sichanganyi damu na wakimbizi. Nilisema uani, watu wamejaa, na Speransia mwenyewe, mama yake Skola, kasimama pale. Tangu siku hiyo akiniamkia shikamoo namjibu kwa kuguna.

Nilijua? Nilijua kidogo. Bibi alipougua mara ya mwisho aliongea maneno ambayo nyumba nzima hatukuyaelewa. Nikauliza. Mama akanifinya paja. Nikanyamaza mpaka leo.

Jumamosi, 8 Juni

Mdogo wangu Andrea katoka Sikonge na basi la asubuhi. Kuna mtu kampelekea maneno. Hata maji hakunywa.

"Dada, unataka kutuvua nguo? Wajukuu waitwe watoto wa mtumwa?"

Katekista huyo. Kila Jumapili anawahubiria watu ukweli. Akataka fomu ichomwe hapo hapo, akaniomba kiberiti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilikwenda jikoni kukileta. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshakishika. Kilichonizuia ni Skola, kasimama mlangoni, ananitazama. Nikamwambia Andrea kiberiti kimeisha. Uongo.

Jumapili, 9 Juni

Misa sikwenda. Miguu.

Skola hajui Kirundi, kwa hiyo alimpigia mama yake kumuuliza hilo jina. Speransia kasema Butoyi ni pacha wa pili. Kwao wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, kama huku Kulwa na Doto.

Nilikaa chini. Chini kabisa, sakafuni.

Bibi alikuwa anakata ugali wake katikati. Kila siku. Anakula nusu, nusu anafunika. Sisi watoto tulimcheka. Siku moja nikamuuliza, bibi, hiyo ya nani? Akasema, ya mwenzangu. Yuko wapi? Akasema, "Alichoka. Anakuja."

Nikaenda kuwasimulia wenzangu. Tukafanya mchezo. Mmoja anaanguka njiani, anasema nimechoka, wengine tunampita tunaimba. Bibi alikuwa amekaa pale pale, anatutazama.

Msafara haukumsubiri aliyechoka. Hilo kila mtu wa Tabora analijua.

Jumanne, 11 Juni

Nimetia sahihi. Jina langu limepanda mlima. Andrea kapiga simu, hatakuja kunizika. Asije. Makaburini hapakosi wa kushika jembe.

Kisha nikamwambia Skola anipigie Ulyankulu. Speransia akasema, "Shikamoo mama." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Msamaha sikuomba, ulimi haukunyanyuka. Akauliza kama nimekula.

Hajasema atakuja. Sikumuuliza.

Alhamisi, 13 Juni

Baridi asubuhi. Skola kapeleka fomu, karudi mchana, viatu vumbi tupu. Imepokelewa. Jina litaingia: Butoyi, aliyeitwa Kalunde.

Nikamuuliza, na Bukuru? Akasema wafadhili wanataka karatasi, na Bukuru hana. Hakubatizwa, hakukombolewa, hakuna aliyemwandika popote. Aliponiambia hivyo aliangalia pembeni.

Karatasi ni mimi. Nimeyasikia kwa bibi kwa masikio yangu.

Kesho hawajafunga bado. Skola, rudi kwa wafadhili asubuhi. Waandike wote wawili. Na Bukuru ndiye mkubwa, aanze yeye.