Mtoto wa Nani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeandika kadi za waendesha baiskeli wa mbio za Jumamosi mpaka kidole kinauma. Mwaka jana walitoka Meru kwenda Maua, sisi wa Kianjai tukaona vumbi na migongo. Nyanya mmoja akauliza kama ndio zimeisha. Mwaka huu watazunguka soko mara nane. Wazo langu. La pili pia langu: mtangazaji wetu Kirimi akishika spika na kusoma kadi asitaje namba tu, ataje baba ya mtu na kwao. Hapa hakuna anayeshangilia namba. Watu hushangilia mtoto wa fulani.

Jumatano, 6 Agosti
Imebaki kadi ya ndugu yangu Mutuma. Siku hizi analipwa kuendesha, timu ya Embu. Baba hajamsamehe: Mutuma aliuza ng'ombe wa karo ya chuo, akanunua baiskeli ya mbio. Miaka mitatu hawajasalimiana.
Nimemwomba Baba ruhusa ya kumtaja kwenye kadi. Amesema jina lake lisiguse hiyo spika. Akaendelea kukata nyasi.

Ijumaa, 8 Agosti
Ningeliandika tu jina la Baba. Nimeandika "Mutuma, wa Kianjai." Mimi ni mwoga, basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Soko lilijaa, na watu walielewa! Hata akina mama wa viazi walijua nani anaongoza. "Njeru, mtoto wa Ireri wa Runyenjes!" Nduru juu.
Lakini mbele ya wote alikuwa Mutuma. "Mutuma, wa Kianjai." Watu wakangoja. Wa nani? wakauliza kwa kelele. Kila mzunguko, wa nani? Baba alikuwa amesimama kwa duka la mbegu, kofia mkononi. Waliomjua wakamgeukia. Akatazama viatu vyake.
Mzunguko wa sita Mutuma aliinua uso akamwona.
Wa saba hakupita. Alifika kona, hakukata. Akanyoosha na barabara ya Meru, akaenda.
Aki, ni mimi. Mara moja angevumilia. Nilimpangia mara nane.

Jumapili, 10 Agosti
Simu yake imezimwa. Kamati imenisifu, eti Embu nao wanautaka mpango wangu. Nimelia nyuma ya kanisa.

Jumapili, 17 Agosti
Mvua. Asubuhi ujumbe wa Mutuma: yuko salama, huku hatarudi tena.
Jioni Baba ameulizia ile kadi. Nimempa. Amevaa miwani, akaomba biro, akaandika polepole chini ya jina la Mutuma: mtoto wa M'Ikiara. Akauliza mbio zingine ni lini.
Nimemwambia mwakani. Ujumbe sijamwonyesha.