Lebo ya Tao la Migomba

Majengo, Meru. Alhamisi, mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na nguo zangu zinanuka kitambaa kilichoungua.

Si kitambaa peke yake.

Chuo kikuu nilifunzwa kwamba jambo likiandikwa kwa utaratibu hueleweka. Leo siamini hivyo, lakini sijui njia nyingine.

Nianze na lebo. Mzee Salim, mwenye duka la nguo ninakofanya kazi, huuza mashati ya watoto wachanga. Lebo za kushonwa zilikuwa zikiwakwaruza shingo, akaniomba nibuni ya kubandikwa kwa pasi. Ilinichukua miezi. Nilichanganya utomvu wa mti na nta kidogo ya nyuki kutoka Mbeere. Nta ikizidi, shati hupata doa la mafuta, na ikipungua, lebo hukakamaa kama ganda. Pembe nilizikata mviringo ili zisiinuke. Pasi ya makaa iwe ya vuguvugu, kitambaa chenye unyevu kiwekwe katikati, mkono ukandamize bila kusugua. Kathure, mpiga pasi wetu, aliupata mkono huo upesi kuliko mimi. Lebo aliyoibandika ilishika kwa upole, na ikipashwa moto tena ilitoka bila kuacha alama, mama asipoitaka.

Nilijivunia jambo hilo kuliko shahada yangu, iliyofanya mtaa mzima uniite Mwalimu.

Ilibidi pia ipendeze. Nilichora tao la majani ya migomba, kama lile tunalosimamisha langoni siku ya harusi, na chini yake shati dogo jeupe. Kathure alipoliona alicheka mpaka akaiweka pasi chini. "Mwalimu, si umalizie na bibi harusi basi, sisi tulete uji!" Mzee Salim akasema kijani chake kinatuliza macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamka kwamba katika nchi hii, wakati huu, kuna tao jingine la migomba, lile ambalo watu hupitishwa chini yake gizani wanapolishwa kiapo cha wapiganaji wa msituni.

Je, sikulijua? Nililisikia, kama kila mtu. Nadhani niliamini kwamba picha ya harusi hubaki picha ya harusi kwa kuwa mchoraji alikusudia hivyo. Hata hilo sina hakika nalo. Huenda sikufikiri kabisa.

Asubuhi homugadi, wale askari wa vijijini wa serikali, waliingia dukani wakiongozwa na koplo wao. Koplo alishika shati dogo, walilomnyang'anya mama mmoja kwenye kizuizi cha barabara ya Runyenjes. Hakuanza kwa swali. Alimpiga Mzee Salim mdomoni kwa kitako cha bunduki, kisha ndipo akauliza.

"Nani analisha watu kiapo hapa?"

"Hiyo ni chapa ya duka, afande. Wallahi, ni chapa tu." Damu ilikuwa ikimtiririkia kwenye kanzu.

Nikasema mchoro ni wangu. Koplo alinitazama viatu, halafu miwani. "Wewe umesomeshwa na serikali, mwalimu. Nyamaza, usijiharibie." Akamgeukia Kathure, aliyekuwa bado ameshika pasi. Walimvuta kwa kitambaa cha kichwani hadi sakafuni. Walimpiga mateke ya mbavu, mmoja akipumzika mwingine akiendelea, bila hasira, kama watu wanaotwanga mahindi.

Hapo nikafanya nililofanya. Niliokota pasi, nikaipitisha juu ya lebo ya lile shati, nikaibandua mbele ya macho yao. "Tazama, afande. Ni gundi tu. Hakuna kilichofichwa chini yake."

Ilitoka vizuri. Haijawahi kutoka vizuri namna ile.

Koplo alipitisha kidole mahali palipokuwa na lebo. Alikipitisha mara ya pili, polepole, nikadhani ameridhika.

"Kumbe," akasema. "Msituni mnaivaa, kwenye kizuizi mnaibandua. Na sisi tunabaki kutazama shati jeupe kama wajinga."

Upole nilioutafuta kwa miezi ndio uliokuwa ushahidi wake, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Alichukua lebo nyingine mezani. "Sasa tuone kama na hii itabanduka." Aliulaza mkono wa Kathure juu ya meza, akaweka lebo kwenye ngozi, na pasi juu ya lebo. Hakukuwa na kitambaa chenye unyevu katikati. Kathure alimwita mama yake kwa Kimeru, kisha akaita kitu ambacho si neno. Mimi nilishikwa mabega na mtu ambaye sikuuona uso wake. Sikujitahidi sana kujinasua. Hilo pia liandikwe.

Wakampakia kwenye lori. Koplo alisema kesho atafikishwa bomani kwa afisa wa wilaya. Akikiri atafungwa, asipokiri wataendelea kumuuliza.

Jioni Mzee Salim alizungumza nami kwa midomo iliyovimba. "Binti yangu, ukienda bomani watakuweka ndani nawe, na yeye hawatamtoa. Sasa faida iko wapi?" Hoja yake nimeipima kila upande na sijaona kasoro. Watu husema afisa huyo husikiliza. Husemwa pia kwamba husikiliza vizuri tu, halafu hutia sahihi kilichoandikwa na koplo.

Nilikuwa nimeanza kupanga vifaa: michoro ya mwanzo, kopo la utomvu, kipande cha nta, ili nieleze hatua kwa hatua. Nimevirudisha vyote kabatini. Leo nilieleza mara moja, kwa ustadi, na Kathure akaungua.

Kesho sitaeleza gundi. Nitasema kwamba tao ni langu, gundi ni yangu, na kwamba mkono wa Kathure ulifuata maagizo yangu. Kama wanamtaka mtu wa kukiri, watakuwa naye. Sijui kama hiyo ni haki au ni kiburi cha aina nyingine, na sitapata kujua kabla hakujakucha.

Lango la boma hufunguliwa asubuhi na mapema. Nitakuwa pale kabla yake, maana najijua: nikipewa muda wa kutosha, nitapata sababu nzuri ya kubaki nyumbani.