Demeta wa Bugarama

Chuo cha Ualimu, Mwanza
12 Novemba 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na kaka Philbert? Mimi ni mzima, nimeshazoea hata ugali wa bwenini.

Kuna hadithi haijanitoka kichwani wiki nzima. Wagiriki wa kale walisema yuko mama anayeotesha mazao yote duniani, jina lake Demeta. Siku moja binti yake alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa wafu akamchukua chini awe mkewe. Mama akamtafuta siku tisa bila kula. Alipojua ukweli, akazizuia mbegu zote zisiote. Watu wakafa njaa mpaka mkuu wa miungu akatishika, akaamuru binti arudi. Lakini binti alikuwa amekula punje za tunda la huko, kwa hiyo kila mwaka lazima arudi chini miezi kadhaa, na hapo ndipo nchi hukauka.

Mkufunzi wetu anasema waandishi na wachoraji wa leo huko ng'ambo hawaachi kuzigeuza hadithi hizi. Mmoja amemfanya mfalme wa wafu kuwa bwana wa mgodi. Mwingine amemchora Demeta amevaa kilemba, anasubiri kwenye stesheni ya treni. Miaka elfu mbili na zaidi, mama, na bado watu hawajamaliza kuisimulia. Na sisi tumepewa kazi ya kuifanya mchezo wa kuigiza wa kwetu.

Ingekuwa wewe, ungefanyaje?

Mwanao,
Odeta

Bugarama, Ngara
3 Desemba 1978

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Kifua kimetulia. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu toka mwanzo, ndiyo maana mistari inapanda kilima.

Yako niliisoma darasani kwetu, kwenye kisomo cha watu wazima. Nilishangaa kwamba watu wa zamani hivyo, wa mbali hivyo, waliujua moyo wa mama mpaka ndani.

Kisha Ng'washi, yule mama wa Kisukuma wa nyumba ya tatu, akasema, "Alifanya vyema. Wote wasikie njaa ndipo wajue."

Niragira, unamkumbuka, aliyekimbia Burundi akavuka mpaka wa Kabanga mwaka wa sabini na mbili na watoto wawili badala ya watano, alikuwa anachonga penseli. Akasema polepole, "Mimi walipochukuliwa wangu, mvua ilinyesha siku ileile. Maharage yakaota vizuri kuliko mwaka wowote. Nikayapalilia, kwa sababu waliobaki walikuwa wanakula."

Ng'washi akamshika mkono. Hatukusoma tena siku ile.

Ungeniuliza miezi miwili iliyopita ningecheka. Philbert aliitwa mgambo, Jumanne iliyopita wakapandishwa lori kwenda vita ya Amin. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua, nikarudi shambani. Hilo ndilo jibu langu.

Mama yako,
Benedicta

Mwanza
9 Februari 1979

Mama,

Shikamoo. Unalala? Unakula? Barua yako niliisomea ukumbini nimesimama, nikashindwa kufika mwisho. Mwenzangu Speciosa akanimalizia.

Tumeubadilisha mchezo. Demeta wetu hana uwezo wa kuzuia mvua. Mvua inanyesha, naye anaichukia, lakini analima. Mkufunzi akasema ameona matoleo mengi ya hadithi hii, hilo hajaliona.

Lakini naona haya. Nilikuuliza kwa mchezo, na kumbe ulikuwa ndani yake. Ukisema tuache, tutaacha leo. Umepata neno lolote la kaka?

Mwanao,
Odeta

Bugarama
1 Machi 1979

Odeta,

Marahaba. Hakuna neno.

Msiache. Ila mpeni jembe la kweli, siyo kijiti. Anayelia huku akilima hushika mpini kwa nguvu kuliko mwingine. Watu waone.

Mama

Mwanza
20 Agosti 1979

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua zangu nne hukuzijibu. Sasa nimesikia kwa Speciosa, aliyekuwa likizo Ngara, kwamba kaka amerudi tangu Julai. Nilipiga magoti palepale jikoni. Lakini kwa nini hukuniandikia? Ameumia?

Chuo kinatupeleka kuuonyesha mchezo vijijini. Tarehe kumi na tano Septemba tutakuwa uwanja wa shule, Bugarama. Tuje?

Odeta wako

Bugarama
7 Oktoba 1979

Mwanangu,

Marahaba. Umefika salama? Nisamehe ile miezi. Philbert alirudi na mikono yote na miguu yote, nami sikujua niandike nini. Uliona mwenyewe. Anasalimia, anakula, basi.

Siku ya mchezo nilikuwa namtazama yeye zaidi ya ninyi. Demeta alipolima kwenye mvua, Niragira alivua viatu kwa heshima. Philbert hakusogea.

Mlipoondoka alikaa wiki nzima hivyohivyo. Kisha Jumapili nilikuwa nachambua maharage, akaja akakaa karibu yangu.

"Mama, ule mchezo wa Odeta una kasoro."

"Kasoro gani?"

"Mama anasema. Mfalme anasema. Miungu inasema. Yule binti anarudi, wanamkumbatia, wimbo unaimbwa. Hakuna aliyemuuliza aliona nini kule chini."

Nikaweka ungo chini nikamwambia, "Mimi nakuuliza."

Akasema. Alianza jua likiwa kichwani, akamaliza mbuzi wakirudi. Sitaandika aliyoniambia, si yangu. Nilijua tu nimekaa mbele ya kitu kikubwa, kama mtu anayefunuliwa pazia kanisani.

Muulize mkufunzi wako: katika wote hao walioigeuza hadithi, yupo aliyempa binti nafasi ya kusema?

Kama hayupo, subirini. Kaka yako ameomba daftari. Nimempa langu la kisomo, lilibaki na kurasa kumi na moja. Sasa hivi yuko mlangoni anaandika, na amekwisha geuza ukurasa wa tatu.

Mama yako,
Benedicta