Mafuta ya Mama

Dada Nafula,

Salamu za vumbi la Nakuru, hadi chai ina ladha yake. Mama ako sawa. Ule uvimbe wa chini ya kitovu tuliodhani ni kansa, daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili ametuonyesha kwa skrini: weusi wake ni ule ule wa mafuta ya chini ya ngozi. Daktari huyo ni mwanamke mpole, hana haraka.

"Mama, hii ni mafuta tu, imemea kwa mfuko wa uzazi. Ni nadra kuiona, lakini si kansa."

Mama akauliza, "Sasa niache chapati?"

Daktari hakumcheka. Alimweleza polepole kwamba chapati haina makosa. Huyo nitamshukuru hadi nizeeke.

Kanda unga, tunarudi kesho. Mama anasema usipunguze mafuta.

Ndugu yako akupendaye,
Wekesa